UZI: Fluti, obo, klarineti na fagoti. Tofauti iko kwenye tundu, siyo kwenye mti

#1 BombaFupi (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali hili halichoki kurudi: "Hizi za kupuliza za okestra zinatofautiana nini? Si zote ni filimbi?" Kiswahili chetu nacho kimetuchanganya, maana kamusi ikikutana na fluti, klarineti au obo hujibu "zumari" na kupita zake. Tuziweke sawa hapa. Mwenye swali aulize, mwenye kurekebisha arekebishe.

Anza na futi ya fundi cherehani. Fluti ina urefu wa sm 67 hivi. Klarineti ya B flati (yaani B iliyoshushwa nusu toni), sm 66. Obo, sm 65. Ukizilaza mezani utaapa ni watoto wa tumbo moja. Sasa ziba matundu yote upulize noti ya chini kabisa ya kila moja. Fluti ya kawaida inatoa C ya kati, hezi 262 (mitetemo kwa sekunde). Obo inatoa B flati iliyo chini yake kidogo, hezi 233. Klarineti inazama mpaka D ya hezi 147, karibu oktavu nzima (doh mpaka doh) chini ya fluti, na urefu ni uleule.

Anayeelewa sababu ya kuzama huko ameshaelewa sehemu kubwa ya familia hii. Maswali ni mawili tu: nini kinatetemesha hewa, na tundu la ndani lina umbo gani.

Kinachotetemesha kwanza. Fluti haina ulimi. Midomo inatengeneza uzi mwembamba wa hewa unaogonga ukingo wa pili wa tundu la kupulizia. Uzi ule unayumba, mara uingie ndani mara upite nje, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Klarineti ina ulimi mmoja wa mwanzi uliofungwa juu ya kipulizio, unajifungua na kujifunga mamia ya mara kwa sekunde. Obo na fagoti zina ndimi mbili zinazotazamana, hewa inapita katikati kama upepo kwenye ufa wa dirisha.

Umbo la tundu sasa. Fluti na klarineti zina mcheduara, yaani upana ni mmoja karibu safari nzima kama bomba la maji: fluti mm 19, klarineti kati ya 14.5 na 15. Obo na fagoti zina tundu la umbo la pia (koni), kama funeli ndefu: linaanza jembamba kwenye ulimi (kwa obo ni mm 4 hivi) na kupanuka taratibu mpaka kwenye kengele, yaani mdomo wa mwisho wa ala.

Sasa unganisha. Fluti iko wazi pande zote mbili, kwenye tundu la kupulizia na kwenye mguu (ncha ya mwisho), kwa hiyo bomba linabeba nusu ya wimbi. Klarineti imezibwa na ulimi upande mmoja, kwa hiyo bomba linabeba robo tu ya wimbi. Bomba lilelile, wimbi refu mara mbili. Hesabu: sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20. Gawa kwa 4 mara 0.58 (urefu unaohesabika kwa noti ya chini) upate 148. Ndiyo D yetu ile.

Obo nayo imezibwa na ulimi, mbona haizami? Kwa sababu ya pia. Bomba la umbo la pia lililozibwa kwenye ncha yake linatenda karibu sawa na bomba lililo wazi pande zote. Tazameni pia na mcheduara kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

#2 MwanakwayaTupu

Mkuu umeeleza vizuri ila hilo la wimbi linanipita juu. Mpigaji anayahisi wapi hayo? Kwenye vidole kuna tofauti gani?

#3 BombaFupi

Anayahisi pale anaporuka kwenda daraja la juu, yaani kundi la noti za juu.

Kwenye fluti, obo, fagoti na saksafoni, ukizidisha kasi ya hewa au ukibonyeza kitufe cha oktavu, noti inaruka oktavu moja: D inakuwa D. Vidole vya chini na vya juu vinafanana karibu kabisa. Kwenye klarineti ukibonyeza kitufe cha daraja kwa dole gumba la kushoto, noti inaruka oktavu na kwinti (doh mpaka soh): vidole vya F ya chini vinatoa C ya juu. Bomba lililozibwa upande mmoja linakubali mitetemo ya namba witiri tu (1, 3, 5), haliitaki ya 2, na ile ya 2 ndiyo oktavu.

Hesabu vitufe sasa. Ala inayoruka oktavu inahitaji noti 12 tofauti kabla vidole havijaanza kujirudia. Klarineti inahitaji 19. Vidole ni vilevile kumi, na dole gumba la kulia limeajiriwa kubeba ala tu. Ndiyo maana klarineti ya mfumo wa Boehm (mpangilio wa vitufe ulioenea zaidi) ina vitufe 17 na pete 6, na mwanafunzi anaiona kama injini ya pikipiki iliyofunguliwa.

Pigo lenyewe liko pale pa kuvuka kutoka daraja la chini kwenda la juu. Noti za koo, yaani G, G kali (iliyopandishwa nusu toni), A na B flati za katikati, zinapigwa karibu matundu yote yakiwa wazi. Noti inayofuata, B, inataka karibu yote yazibwe kwa mpigo mmoja. Kidole kimoja kikichelewa, ala inapiga yowe. Dawa yake: ukiwa kwenye noti za koo usiviinue vidole vya mkono wa kulia, viache vimekaa kwenye matundu. Sauti ya koo inanenepa kidogo na kuvuka kunakuwa kazi ya mkono mmoja badala ya miwili.

#4 Kengele_ya_Chini

Naongezea jambo ambalo walimu wa bendi wanalisahau. Klarineti ikipulizwa kwa nguvu lami yake (ujuu wa sauti) inashuka, na ikipulizwa kwa upole inapanda. Fluti ni kinyume: nguvu inapandisha, upole unashusha. Sasa mpe mpiga fluti na mpiga klarineti noti moja ya pamoja, waambie waanze taratibu wakue mpaka kilele. Kila mmoja akipuliza tu bila kusikiliza, wataachana njiani, mmoja juu mmoja chini. Wala usimlaumu anayetyuni. Mpiga fluti anatakiwa ashushe uzi wa hewa kuelekea ndani kadiri anavyozidisha, mpiga klarineti ashikilie midomo na asiache taya lilegee.

Na joto. Kila nyuzi moja ya joto inapandisha ala za kupuliza kwa senti 3 hivi (nusu toni ina senti 100). Ala iliyokusudiwa nyuzi 20, ukiipiga Tanga mchana kwenye nyuzi 32, kwa karatasi ni senti 36 juu. Kwa vitendo ni pungufu ya hapo kwa sababu hewa ya ndani inapashwa na pumzi popote ulipo, lakini bado utalazimika kuvuta pipa la klarineti (kipande kifupi chini ya kipulizio) nje milimita moja au mbili. Kwenye obo huna cha kuvuta. Mrija wa ulimi ukiutoa nje kidogo unaacha mwanya ndani na baadhi ya noti zinayumba, kwa hiyo mpiga obo anatyuni kwa ulimi wenyewe na midomo.

#5 Msumari_wa_Nne

Samahani wakuu, saksafoni ni shaba tupu, na fluti siku hizi ni fedha au bati. Mnaziitaje ala za mbao? Tuwe wakweli.

#6 BombaFupi

Jina lilibaki, mti uliondoka. Theobald Boehm alihamia fluti ya chuma yenye tundu la mcheduara mwaka 1847, kabla ya hapo za okestra zilikuwa za mbao. Saksafoni ilipewa hataza Paris mwaka 1846 kwa Adolphe Sax, Mbelgiji, na ilikuwa shaba tangu siku ya kwanza. Kundi linapangwa kwa kinachotetemeka na namna lami inavyobadilishwa. Kwenye tarumbeta na trombone midomo ya mpigaji ndiyo inayotetemeka ndani ya kikombe. Saksafoni ina ulimi wa mwanzi na matundu ubavuni, basi imeingia kwa wenye ulimi. Ukiichunguza zaidi ni chotara: ulimi wa klarineti juu ya pia ya obo. Ndiyo maana inaruka oktavu, na anayetoka klarineti anashangaa vidole vimepungua ugumu ghafla.

Hizo fluti za bei nafuu siyo bati, kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu.

#7 SolfaTupu

Na zumari yetu ya pwani inakaa wapi kwenye ukoo huu?

#8 Kengele_ya_Chini

Ndimi mbili, tundu la pia: ni binamu wa obo. Siyo fluti, wala siyo klarineti, kamusi iseme itakavyo. Tofauti kubwa na obo ni midomo. Mpiga zumari anaingiza ulimi wote kinywani na midomo inaegemea kisahani, kwa hiyo ndimi zinapiga huru, kwa sauti kali ya kupasua mtaa. Mpiga obo anazishika ndimi kwa midomo iliyokunjwa juu ya meno, akizibana na kuziachia, na hapo anapata upole na ukali apendavyo. Filimbi ya refa, rekoda ya shuleni na fluti ni upande mwingine wa ukoo: zote ni hewa inayogonga ukingo.

#9 SolfaTupu

Shukrani. Swali langu kubwa ni hili: kwaya inaimba F, mpiga klarineti anaambiwa apige G. Nani kaamua?

#10 Mama_Oktavu

Ni ala zinazohamisha lami. Kwenye klarineti ya B flati, mpigaji akisoma C, sikio linasikia B flati. Kwa hiyo umwandikie toni moja juu. Wewe wa solfa utaelewa haraka: doh ya kwaya ikiwa F, doh ya klarineti ya B flati iandike G. Vidole vya mpigaji havibadiliki akichukua klarineti nyingine, karatasi ndiyo inayobadilika, na hiyo ndiyo faida yenyewe.

Fluti, obo na fagoti zinaandikwa zinavyosikika. Pikolo, ile fluti ndogo, inaandikwa oktavu moja chini ya inavyolia, kontrafagoti, ile fagoti kubwa, oktavu moja juu. Klarineti ya B flati: toni juu, ongeza kali mbili. Klarineti ya A: terza ndogo (nusu toni tatu) juu, ongeza flati tatu (au ondoa kali tatu). Koranglei, ile obo ndefu yenye kengele kama pera, iko F: kwinti juu, ongeza kali moja. Fluti ya alto iko G: kwarta (doh mpaka fah) juu, ongeza flati moja. Saksafoni ya alto iko E flati: seksta kubwa (doh mpaka lah) juu, ongeza kali tatu.

Kwa nini mpiga klarineti wa okestra anabeba mbili, B flati na A? Tazama wimbo ulio E, kali nne. Kwa B flati anasoma F kali, kali sita, vidole vinakwama kwenye kila kona. Kwa A anasoma G, kali moja, mteremko. Kipulizio ni kilekile, anakichomoa huku anakichomeka kule. Kosa linaloharibu mazoezi ni mpangaji kutoa karatasi ya "klarineti" bila kutaja ni ya lami gani. Andika juu ya ukurasa kila mara.

#11 Msumari_wa_Nne

Haya nimekubali kuhusu shaba. Tuje kwenye ndimi. Za klarineti zinauzwa kwa namba 2, 2½, 3 mpaka 5. Mkubwa ndiyo bora?

#12 FundiPedi

Hapana, na hapa ndipo hela za watu zinapotelea.

Namba ni ugumu wa ulimi, siyo ubora wake, na 2½ ya kampuni moja si lazima iwe sawa na ya nyingine. Anayeanza klarineti aanze na 2 au 2½. Ulimi mgumu kupita midomo yako unatoa hewa nyingi na sauti kidogo, na utauma kwa meno mpaka taya liume. Laini mno unatoa sauti nyembamba ya nzi, unashuka lami ukizidisha nguvu, na noti za juu zinajifunga zisitoke kabisa.

Kuufunga: loweka mdomoni au kwenye maji kama dakika moja. Uweke juu ya kipulizio ncha kwa ncha. Ukitazama kwa mbele, weusi wa kipulizio uonekane kwa unene wa unywele tu. Ukiuweka juu zaidi utahisi ugumu, chini zaidi utapiga mayowe. Kibanio kikae chini ya mstari uliochorwa kwenye kipulizio, skrubu zielekee kulia, na kaza mpaka ulimi usitembee, basi. Kukaza sana kunaubana usitetemeke.

Usiwe na ulimi mmoja. Kuwa nazo tatu au nne, uzizungushe. Mpya ipigwe dakika tano siku ya kwanza, kumi ya pili. Baada ya kupiga ifute, iweke bapa kwenye kasha lake. Ulimi unaoachwa kwenye kipulizio usiku kucha unapinda ncha kama mawimbi, na kipulizio kinaota ukungu.

Mwanzi wa ndimi zote hizi ni Arundo donax, jamii ya matete, na eneo la Var kusini mwa Ufaransa ndilo lenye sifa kuliko yote.

#13 Kengele_ya_Chini

Wa obo ndiyo mtihani. Wapigaji wengi wazoefu wanajitengenezea, kwa sababu ulimi wa dukani haujui midomo yako. Kipande kinatoka kwenye bua la kipenyo cha mm 10 hadi 11, kinachimbwa ndani mpaka unene wa mm 0.6 hivi, kinakunjwa katikati, kinachongwa umbo, kisha kinafungwa kwa uzi kwenye mrija wa chuma wenye koki (gome laini la kuzibia), urefu wa mm 47. Halafu ndiyo unakata kunjo na kukwangua kwa kisu. Ukimaliza, jumla ni mm 70 hadi 73 kutegemea mkwanguo: wa Kimarekani ni mrefu na ulimi mzima unaishia mfupi kidogo, wa Ulaya ni mfupi.

Ulimi uko chini kwa lami? Kata ncha, sehemu ya kumi ya milimita kwa mara. Ukikata nusu milimita kwa pupa umeutupa. Loweka majini dakika mbili au tatu. Ukiusahau nusu saa unafunguka kama mdomo wa samaki na hautashikika.

Pumzi nako ni kinyume cha watu wanavyodhani. Fluti ndiyo inayokula hewa nyingi, maana nyingine inapita nje ya tundu. Obo inakula kidogo mno, tundu la ulimi ni mwanya tu. Mpiga obo haishiwi hewa, anajaa hewa chafu. Kwenye pumziko anatoa kwanza, ndipo avute. Anayevuta bila kutoa ataona nyota kabla ya ukurasa wa pili.

#14 Mama_Oktavu

Na obo ndiyo inayotoa A ya kutyunia okestra. Sauti yake ni thabiti, ina mitetemo mingi ya juu inayosikika kupitia kelele za wengine, na kama ilivyosemwa hapo #4, haina sehemu ya kuvuta. Asiyeweza kusogea ndiye anayefuatwa. Siku hizi mpigaji anaangalia kipima lami kidogo juu ya stendi kwanza.

#15 MwanakwayaTupu

Fagoti mmeisahau. Ile mti mrefu kama bomba la kufyatulia makombora.

#16 Kengele_ya_Chini

Tundu la fagoti lina urefu wa mita 2.5 hivi, limekunjwa mara moja hivyo ala yenyewe inasimama mita 1.34. Vipande ni vitano: mrija wa chuma uliopinda unaobeba ulimi, bawa, buti, kiungo kirefu na kengele. Noti ya chini ni B flati ya hezi 58. Mti wake ni mepo (maple), siyo mti mweusi. Mfumo wa Heckel wa Kijerumani ndio umeenea, wa Kifaransa una wapigaji wachache. Ulimi hauna mrija wa chuma kama wa obo: mwanzi wenyewe umeviringwa kuwa bomba na kufungwa waya tatu. Ncha imefunga sana? Bana waya wa kwanza (ulio karibu na ncha) kwa pembeni, itafunguka. Bana juu na chini, itafunga.

Mambo matatu yanayoiua fagoti ya shule. Moja, kushika mrija uliopinda kwenye ncha yake wakati wa kuuchomeka. Ushike pale unapoanza kupinda, karibu na koki, la sivyo utapasuka kwenye mshono. Mbili, mrija una kitundu kidogo kama cha sindano kinachozibwa na kitufe cha mnong'ono. Pedi yake isipokaa sawasawa, noti za chini zinapasuka na hakuna anayejua kwa nini. Tatu, maji. Yanakusanyika chini ya buti ambako tundu linageuka. Bawa na upande mwembamba wa buti vimewekewa mpira ndani, upande mpana ni mti mtupu. Kwa hiyo ukimwaga, mwaga kupitia tundu jembamba. Ukimwagia upande mpana kila siku, mti unaoza kimyakimya.

#17 Msumari_wa_Nne

Huo mti mweusi ni mpingo huu wetu?

#18 FundiPedi

Huohuo, Dalbergia melanoxylon. Klarineti na obo nyingi za daraja la juu duniani ni mpingo, na mwingi unatoka Tanzania na Msumbiji. Kiini ni cheusi na kizito kiasi cha kuzama majini, sehemu ya nje ni ya rangi ya maziwa na haitumiki. Mti unachukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, na mingi imepinda au ina uwazi ndani, kwa hiyo gogo zima linaweza kutoa vipande vichache tu vinavyofaa. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009. Jamii karibu nzima ya Dalbergia iliingia kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini) mwanzoni mwa 2017, wapigaji wakawa wanaogopa kuvuka mipaka na klarineti zao. Ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo mwishoni mwa 2019.

#19 Msumari_wa_Nne

Kumbe ndiyo unaoipa sauti ile tamu!

#20 BombaFupi

Taratibu mkuu, hapa ndipo kichwa cha uzi kinapoingia. Mwaka 1971 John Coltman alitengeneza fluti zenye vipimo vya ndani vilevile, moja ya fedha, nyingine shaba, nyingine mti. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha kwa sikio. Kinacholia ni hewa, ukuta wa bomba ni chombo cha kuishikilia.

Mpingo unapendwa kwa sababu unachongeka kama chuma: ukuta wa tundu unatoka laini, kingo za matundu zinatoka kali, skrubu zinashika, na vipimo havitembei sana kwa unyevu. Mti mwepesi wenye vinyweleo hauwezi kukaa na vipimo hivyo miaka thelathini ya mate.

#21 FundiPedi

Nakubaliana kwa sehemu kubwa, ila mpigaji anahisi uzito na mtetemo mikononi, na anapiga kwa anavyohisi. Hilo sikio la msikilizaji halilipimi. Tusibishane hapo, tutajaza kurasa.

Tatizo la kweli la mpingo ni ufa. Ndani kuna pumzi ya moto na maji, nje kuna hewa kavu au ya baridi. Ndani kunavimba, nje hakuvimbi, mti unapasuka, na karibu kila mara ni kiungo cha juu, kutokea kwenye maungio au kwenye matundu ya vitufe vya trili (kupishanisha noti mbili haraka). Hatari siyo unyevu wa Mombasa. Hatari ni kutoka kwenye unyevu ule kuingia ukumbi wa kiyoyozi na kuanza kupuliza palepale, au kuiacha kwenye buti la gari. Ipashe joto kwapani dakika kumi kwanza, kiungo cha juu hasa.

Ala mpya: dakika 15 hadi 20 kwa siku wiki ya kwanza, ongeza kidogokidogo kwa mwezi. Pitisha kitambaa kila baada ya kupiga, na kwenye maungio pia, maji hujificha pale. Ufa mwembamba unajazwa gundi kali na unga wa mpingo wenyewe. Ufa uliofika kwenye tundu la kidole mpelekee fundi, usijaribu nyumbani.

Anayeanza anunue klarineti ya plastiki ngumu. Haipasuki, na kwa miaka miwili ya kwanza kinachomzuia hakitakuwa plastiki.

#22 SolfaTupu

Za mitumba je? Unakaguaje?

#23 FundiPedi

Kabla ya kupiga, soma mihuri. HP ikiwa imegongwa kwenye ala ya zamani maana yake ni lami ya juu, A ya hezi 452 au zaidi. Haitashuka mpaka 440 hata ukilivuta pipa lote, ni pambo la ukutani. Hesabu vitufe na pete: 17 na 6 ni Boehm, ikiwa tofauti sana huenda ni mfumo wa zamani ambao kitabu chako cha mazoezi hakiujui.

Pedi: kata karatasi ya sigara kipande chembamba, kiweke chini ya pedi, funga kitufe kwa nguvu ya kawaida, vuta. Ikiteleza bila ukinzani upande mmoja, pedi inavuja upande huo. Kisha ziba matundu yote ya kiungo cha juu, ziba mwisho kwa kiganja, fyonza hewa upande wa pili. Ikishika ulimi wako sekunde kadhaa, imeziba. Ikikata papo hapo, kuna uvujaji.

Ukiunganisha viungo viwili, bonyeza pete za kiungo cha juu ili daraja la kitufe (kijiti kinachounganisha vitufe vya viungo viwili) liinuke, ndipo uzungushe. Asiyefanya hivyo anaupinda mkono wa daraja, na B flati inayopigwa kwa kidole cha kwanza cha kila mkono inakuwa haitoki tena. Koki kavu ipake grisi kidogo, usisukume kwa nguvu.

#24 MwanakwayaTupu

Na fluti ya mitumba?

#25 FundiPedi

Pedi zake zina ngozi nyembamba juu ya sufi, karatasi ya sigara itumie kwa upole. Angalia kizibo kilicho ndani ya kichwa: chukua fimbo ya kusafishia yenye mstari, iingize, mstari ukae katikati ya tundu la kupulizia. Ni mm 17 kutoka kwenye kizibo. Kisha piga D tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Zikipishana, anza na kizibo kabla ya kulaumu midomo. Wauzaji wengi wanakizungusha kile kifuniko cha mwisho wakidhani ni skrubu ya kutyunia. Siyo. Kutyuni ni kuvuta kichwa chote nje kidogo.

#26 MwanakwayaTupu

Hiyo mm 17 ni kwa pikolo pia?

#27 FundiPedi

Hapana. Pikolo ina fimbo yake na mstari wake ulio karibu zaidi, ya fluti usiitumie humo.